Kamba ya Mgomba Shingoni mwa Mtungi

Wiki iliyopita nilipanda Mwika kumwona shangazi yangu, nikiwa na mfuko wa mkate, kilo mbili za sukari, na chupa moja niliyoificha chini kabisa ya mfuko. Chupa yenyewe niliinunua Moshi mjini, pale Majengo, kwa kijana mwenye kipaza sauti. Alisema dawa yake inatibu kukosa usingizi, mgongo, magoti, mawazo, vidonda vya tumbo na ndoa iliyopoa. Nikamuuliza kipimo chake ni kiasi gani. Akanijibu, "Mama, wewe kunywa kadiri unavyojisikia." Nilikuwa na wiki tatu silali vizuri, na mtu asiyelala hana nguvu ya kubishana, kwa hiyo nikanunua.

Shangazi alinipokea kwa kelele kama kawaida yake, akaniketisha jikoni, akanisogezea bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi. Juu ya kabati, karibu na redio, palikuwa na kopo la vidonge vya presha vya mume wake. Na shingoni mwa kopo lile, rafiki yangu, palifungwa kamba kavu ya mgomba, fundo moja, mkia umening'inia kushoto. Kijiko changu kikasimama njiani. Alama ile nilikuwa sijaiona tangu tulipomzika bibi.

"Ameshakunywa vya leo," shangazi alisema, alipoona ninakoangalia. "Nikifunga, amekunywa. Asubuhi nafungua. Bila hivyo mimi nitampa, mjukuu atampa, na yeye mwenyewe akikumbuka atajipa."

"Nasikia," mume wake akaitikia kutoka barazani. "Mnanisema kama ng'ombe."

Nikaendelea kula, lakini mimi sikuwa Mwika tena. Nilikuwa Uru, kwenye kihamba cha bibi, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nina miaka tisa, na nina siri.

Bibi yangu hakuwa mganga. Ukimwita mganga alinuna mpaka Jumapili. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na ndizi, Mkatoliki wa benchi la pili kutoka mbele, na alijua majani. Mlangoni alipanda mchaichai kwa ajili ya watu wenye mawazo mengi. Nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na tangawizi, na ndani, katika kopo la majani ya chai lililokwisha zamani, zilikaa karafuu za watu wenye meno mabovu. Mwenye mgongo alilazwa kifudifudi kwenye mkeka, akakandwa kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, na jikoni kote kukanuka moshi, majani mabichi na maziwa yaliyomwagikia mafiga. Kazi yangu ilikuwa kuchuma mchaichai, kuchota maji kwenye mfongo, ule mfereji unaopita kihambani, na kukaa kimya wagonjwa wanapojieleza. Hiyo ya kukaa kimya ndiyo ilinishinda.

Kabla hujapewa kitu, ulihojiwa. Umekula nini leo? Umemeza kidonge gani cha hospitali? Umepitia mbege wapi? Una mimba? Na maswali hayo hayakuchagua mtu. Jirani yetu alikuwa katekista, mwanamume wa miaka sitini na ndevu nyeupe, na goti lake lilikuwa linamkosesha usingizi. Siku moja alikuja kuomba chochote cha kumtuliza. Bibi akaanza maswali yake, akafika la mwisho.

"Una mimba?"

"Mama! Mimi ni katekista!"

"Sijakuuliza kazi yako."

Katekista akaangalia chini, akasema hana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeng'ata gauni langu nisicheke. Kumbe asubuhi ile alikuwa amemeza vidonge alivyopewa zahanati, na mchana mke wake akamwongezea vingine vilivyobaki tangu mwaka mwingine. Bibi alimfukuza kwa heshima. Alimkanda goti kwa jani la moto, akamnywesha maji tu, akamwambia kesho yake arudi zahanati na vile vidonge vyote mkononi, avioneshe.

Alikuwa na misemo yake, na aliirudia mpaka mimi niliisema usingizini. "Jani halina adabu, adabu ni ya mkono." "Dawa haipimwi kwa huruma," hiyo aliwaambia wale waliolia waongezewe. Wajawazito na watoto wachanga hakuwagusa kabisa, aliwaambia hao si wa kihambani. Na maumivu yakifika siku ya tatu alisimama mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea barabara ya zahanati, akasema, "Hayo si yangu tena." Watu walimwamini kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alijua mahali pa kuishia. Mkono wake ndio uliokuwa jina lake. Uru nzima ya upande wetu walisema, mama yule mkono wake hauzidi.

Sasa nikuambie juu ya msesewe. Ni mti mkubwa, wetu ulikuwa chini kule kando ya mfongo, na gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ule uchungu unaoifanya iwe mbege na si uji wa ndizi. Gome hukaushwa, hutwangwa, unga wake wa rangi ya kahawia hutiwa mtungini. Kila mpika mbege analo. Lakini bibi alisema gome lile ni gome la kuheshimiwa: kidogo linaleta ladha, likizidi linaulegeza mwili na kumlaza mtu ambaye hakuomba kulala. Hakuwahi kumpa mtu alinywe kama dawa, hata waliomsihi. "Hili ni la mtungi, si la kikombe," alisema. Alilipima kwa kibuyu kidogo chenye ukubwa wa ngumi yangu, kipimo kimoja kwa mtungi, basi. Na akishatia tu, kabla hajapangusa hata mikono, alichukua kamba kavu ya mgomba akaifunga shingoni mwa mtungi. Maana yake: limeshatiwa, usiguse. Nyumba ilikuwa na wanawake wawili, yeye na shangazi, kila mmoja na haraka zake, na kamba ile ndiyo iliyowasemea.

Mimi pia nilikuwa mwanamke wa nyumba ile, ila kamba nilizijua kwa kazi nyingine.

Mwaka ule shangazi alipata mchumba. Alikuwa fundi seremala kutoka Mwika, aliyeletwa parokiani kwetu kutengeneza mabenchi matatu ya kanisa. Kazi ya wiki moja. Akakaa miezi miwili. Mabenchi ambayo hayakuwa na tatizo lolote yakaanza kuvunjika, na kila lilipovunjika moja, shangazi alikuwa na sababu ya kupita kanisani. Bibi alisema hajaona kanisa linalooza kwa kasi ile.

Tatizo lilikuwa baba wa yule fundi. Mzee huyo hakuelewa kwa nini mwanawe aruke wasichana wote wa Mwika aende kuoa Uru, kama vile Uru ni nchi nyingine. Alikubali kuja kwenye posa kwa shingo upande, na habari zilitufikia mapema kwamba anatafuta kosa moja tu ili arudi kwake na mwanawe. Shangazi hakulala wiki nzima. Alifagia uani mpaka udongo ukaanza kuisha. Aliniambia, "Ukiniharibia siku hii, nitakupeleka ukakae na nyani huko msituni." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Wageni huja na mbege yao, hiyo ndiyo desturi, lakini mwenyeji naye hupika ya kuwapokea, na hiyo ndiyo hunywewa kwanza. Bibi alipika yetu. Jumatano ndizi mbivu zilichemshwa, zikaachwa. Ijumaa asubuhi alitia msesewe, kipimo kimoja, akafunga kamba. Hapo akaitwa: mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na maumivu ya tumbo. Bibi alikwenda, akamwangalia mara moja tu, akasema hapa hakuna jani, twende hospitali, akafuatana naye mpaka mjini. Shangazi alikuwa ameondoka asubuhi kwenda sokoni kutafuta mchele. Nyumbani nikarudi mimi kutoka shule.

Na mimi nilikuwa na shida yangu. Siku hizo tulikuwa tunashindana kuruka kamba, na kamba zetu tulizisuka wenyewe kwa maganda makavu ya mgomba. Yangu ilikuwa nzuri kuliko zote darasani, isipokuwa ilipungua kidogo, kiasi cha shibiri moja, ikawa inanipiga kisogoni. Unaweza kuniuliza, mtoto, kihamba kizima kimejaa migomba, kwa nini usivue ganda lingine? Mvua ilikuwa imenyesha. Maganda yote yalikuwa maji. Kavu niliyoweza kuifikia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa shingoni mwa mtungi, imekaa bila kazi. Nikaifungua. Ncha yake ilikuwa na vumbi la kahawia kutoka vidoleni mwa bibi, nikaliona kama urembo. Nikaisuka mwishoni mwa kamba yangu, nikaenda kuruka.

Nilifikisha mara sitini na mbili bila kukosea. Sijawahi tena kufikia idadi hiyo maishani.

Shangazi akarudi na mchele wake. Akaona mtungi hauna kamba. Akasema peke yake, mama leo kachanganyikiwa, akatia msesewe kipimo kimoja, akafunga kamba ya ndani aliyoichomoa darini. Bibi akarudi jioni, amechoka, akaona kamba ipo, akatia uji wa ulezi, akafunika. Mtungi ukalala na vipimo viwili tumboni, na watu watatu ndani ya nyumba kila mmoja akiamini mambo ni sawa.

Jumamosi wageni wakafika, wazee sita kutoka Mwika wenye makoti na kofia, yule baba mkwe mbele, na mwanawe fundi nyuma yao. Shikamoo nyingi zikapita. Upande wetu kulikuwa na wazee watatu, na msemaji alikuwa babu mdogo, ndugu wa marehemu babu, mtu wa maneno mengi ambaye kuombea chakula kwake kulikuwa na sura tatu. Wakaketi uani chini ya kivuli cha migomba. Mimi nilibeba maji ya kunawa na masikio.

Mwenye mbege lazima aionje mbele ya wageni, waone kwamba haina ubaya. Bibi akachota kata, akanywa funda moja. Sasa hapo, rafiki yangu, ndipo shetani alipokuwa amejipanga. Bibi alikuwa na jino. Tangu Alhamisi alikuwa amelishindilia karafuu, na mdomo wake karibu wote ulikuwa umekufa ganzi. Angeweza kunywa mafuta ya taa akasema ni maziwa. Akameza, akatikisa kichwa, akapokeza kata kwa baba mkwe.

Baba mkwe akanywa. Nikamwona uso unajikunja kama mtu aliyelamba shubiri. Lakini mgeni wa posa hasemi mbege ni chungu, hata iwe chungu namna gani. Akajikaza, akapangusa masharubu.

"Aika," akashukuru. "Hii ni mbege ya watu wanaojua."

"Imesimama," akasema mwenzake, machozi yakimlenga.

Babu mdogo naye akanywa, akaona wageni wamesifu, akasifu zaidi, akaomba ya pili ili kuonesha kwamba kwetu uchungu ule ni wa kila siku. Wageni wakaona haya kushindwa, nao wakaomba. Kata ikazunguka. Kila mzee alikunywa kwa sababu mwenzake amekunywa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafurahia.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Wakafika kwenye mbuzi. Babu mdogo alikuwa anaeleza kwa nini mbuzi wa mama wa bibi harusi lazima awe jike, na alipofika kwenye "jike" akanyamaza. Tukadhani anafikiri. Kidevu kikashuka kifuani. Mzee wa Mwika aliyekuwa amenyanyua kidole kumpinga, kidole kikabaki juu kwa muda, kisha kikateremka chenyewe taratibu. Nusu saa baadaye uani palikuwa na wazee tisa wamelala, kofia zimeanguka, kuku wanapita katikati ya miguu yao. Saa nane mchana. Mzee mmoja alikoroma kwa sauti nyembamba, na mbwa wetu akawa anamjibu.

Nilicheka. Nakiri. Nilicheka mpaka nilipouona uso wa bibi.

Bibi alichovya kidole mtungini, akakipaka ulimini upande usio na karafuu, akatema. Sijamwona tena akitembea kwa kasi ile. Alipita kwa kila mzee, akaweka mkono kifuani, akasikiliza pumzi, akawalaza kwa ubavu mmoja mmoja, na mchumba wa shangazi akimsaidia kuwageuza. Mmoja wa wake wa majirani akasema waleteeni kahawa kali, mwingine akasema maziwa, mwingine akasema pilipili puani. "Hakuna kitu kinachoingia midomoni mwa hawa," bibi alisema. "Dawa haifukuzwi kwa dawa." Akanigeukia. "Kimbia zahanati. Mlete muuguzi. Mwambie msesewe umezidi, mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Nilikimbia. Njiani nilikuwa nawaona wazee wote tisa wamekufa, na makaburi tisa, na mimi nimesimama katikati nimeshika kamba.

Muuguzi alikuja na kipimo chake cha presha, akawapima mmoja mmoja. Akasema presha zimeshuka, wasisimamishwe, wasipewe kitu, waangaliwe pumzi, na asiyezinduka vizuri apelekwe hospitali. Tukakaa. Shangazi alikuwa chumbani na gauni lake jipya, analia bila sauti. Mmoja mmoja wakaanza kuamka kuelekea jioni, isipokuwa baba mkwe. Huyo aliendelea. Bibi alikaa chini kando yake, mkono juu ya kifua chake, rozari mkono wa pili, akianza Salamu Maria ile ile upya kila mara. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu sikujua kwamba bibi anaweza kuogopa.

Kisha mzee akafumbua macho, akaangalia migomba, akamwangalia muuguzi, akasema, "Tumefika wapi?"

"Kwenye jike," akajibu babu mdogo, aliyekuwa ameamka muda mfupi kabla yake.

Lakini haikuchekesha mtu. Mzee alipoelewa kilichotokea alisimama kwa kushikiliwa, akavaa kofia yake. Alikuwa ametafuta kosa moja, sisi tulikuwa tumempa la mtungi mzima. "Mnatulaza kwanza ndipo mtuulize mbuzi?" akasema. Wakaondoka, na mbege yao ilirudi Mwika haijafunguliwa. Mbege ya posa ikirudi haijafunguliwa, hakuna posa. Yule fundi alipanda gari la baba yake akiwa anaangalia nyuma mpaka shingo ikaisha.

Jumapili asubuhi, baada ya misa, bibi alipima unga wa gome uliobaki. Vipimo viwili vimetoka. Shangazi akasema, mimi nilitia kwa sababu hapakuwa na kamba. Bibi akasema, mimi nilifunga. Wakatazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

"Kuna mtu aligusa mtungi?" bibi aliuliza.

Nikatikisa kichwa. Kamba yangu nilikuwa nimeificha kwenye banda la kuku, nyuma ya viota, mahali ambapo kwa akili yangu ya miaka tisa hakuna mtu angeweza kufika.

Bibi alichukua kikapu, akaenda kuokota mayai, kama kila asubuhi. Alirudi baada ya muda mrefu, akaweka mayai mezani, akamwambia shangazi, "Nimekumbuka. Sikufunga. Kosa ni la mkono wangu."

Unaweza kufikiri nilipata aibu. Sikupata. Nilimshukuru Mungu kwa kumpa bibi usahaulifu, nikaomba chai.

Jumatatu yake bibi alikata jani la isale. Kwetu isale ni mmea wa mpakani, lakini pia ndilo jani la msamaha: ukimletea mtu isale mkononi, hata kama ulimchomea nyumba, hawezi kukufukuza. Alivaa vitenge vyake vya Pasaka, akafuatana na babu mdogo mpaka Mwika. Babu mdogo ndiye aliyetusimulia. Alisema bibi alisimama mbele ya ukoo mzima, jani mkononi, akasema, "Mimi ndiye niliyepima. Mkono wangu ulizidi." Maneno hayo tu. Yeye, ambaye mkono wake hauzidi.

Baba mkwe alilipokea jani. Akasema, "Mama, nisikufiche. Magoti yangu hayajaniuma tangu siku ile." Wakacheka, na posa ikarudi. Walipokuja mara ya pili walikunywa soda, na baba mkwe aliifungua yake mwenyewe, akainusa.

Shangazi aliolewa. Lakini bibi alilipa kwa namna yake. Msimu mzima wa kahawa hakuna aliyekuja kukandwa wala kuomba mchaichai. Katekista alipita njia ya chini na goti lake. Vijana sokoni walimwita Mama Usingizi, si mbele yake. Aliendelea kuchambua kahawa, hakulalamika. Ni mwaka huo huo alianza kunifundisha kupima. Somo la kwanza halikuwa jani lolote. Alinipa kamba ya mgomba akanifundisha kufunga fundo, akanifungisha mara mia. "Kamba hii," alisema, "haifunguliwi na asiyeifunga." Mimi nikaitikia kwa sauti kubwa ya mtu asiye na hatia.

Miaka ikapita. Alipougua moyo nilichukua likizo mwezi mzima nikakae naye. Nilimpa vidonge vya daktari kwa saa, nikafunga kamba kwenye kopo, na kila jioni aliniuliza kutoka kitandani, "Umefunga, au umefungua?" Kisha anacheka, na jino lake moja linaonekana. Nilijibu, "Nimefunga, bibi." Nilidhani ni uzee. Niliwaambia hata wenzangu, bibi sasa akili zinamtoka.

Haya yote yalipita kichwani nikiwa na bakuli la mtori lililopoa. Nikaamua kuitoa chupa. Shangazi alivaa miwani yake, akaisoma ile chupa pande zote.

"Umemeza kidonge gani cha hospitali?" akauliza.

"Cha presha. Nimeanza mwezi uliopita."

"Una mimba?"

"Shangazi, nina miaka arobaini na sita!"

"Sijakuuliza umri."

Akaenda nje, akaimimina chooni, akarudi na chupa tupu. Akaniambia wiki tatu si mambo ya majani, Jumatatu niende kwa daktari aliyenipa kile kidonge nimwambie silali. Kisha akachemsha mchaichai mwepesi, akaketi mbele yangu, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Ni nini kinakukesha?"

Ni kazi, ni watoto, ni mambo mengi. Lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa hayo. Nilimwambia habari ya kamba. Miaka thelathini na saba, nikaisema yote, mpaka zile mara sitini na mbili. Nikamwambia nisamehe, sina hata jani la isale.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

"Tulijua," alisema. "Siku ile alirudi kutoka bandani na mayai matatu na kamba yako chini ya kanga. Ncha ina unga wa gome. Mimi nilitaka kukuchapa mpaka ulale kama wale wazee. Mama akanishika mkono. Akasema, mtoto akiitwa leo mlaza watu, hakuna atakayepokea kikombe mkononi mwake hata awe mzee. Mimi jina langu lina akiba, acha lipungue."

"Mbona hakuniambia?"

"Kukwambia? Alikungoja useme. Mwezi mzima alikuuliza, kila jioni, mimi nikiwa nimekaa pale pale."

Kutoka barazani mume wake akakohoa. "Mimi nilijua wiki ya harusi," akasema. "Na ile mbege, ikipatikana hata kata moja..."

"Haipatikani!" tukamjibu wote wawili.

Na kweli haipatikani. Msesewe wetu ulikatwa, mahali pake pana ukuta wa jirani. Mfongo umekauka, mtungi umepasuka, sasa umepandwa maua mlangoni kwa ndugu yangu. Uru ukiugua jino unatuma mtoto dukani, ananunua vidonge viwili viwili bila kuulizwa swali lolote, wala la mimba. Kati ya vitu vyote vya bibi, nilichobaki nacho mimi ni fundo moja.

Asubuhi shangazi aliniachia kazi. Nilifungua kamba, nikampa mzee vidonge vyake, nikasubiri ameze, nikafunga tena, mkia kushoto. Nikabaki nimesimama pale jikoni na mkono juu ya kopo, nikamsikia bibi vizuri kabisa, na jino lake moja. Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilianza.

Nimefunga, bibi. Lakini siku ile nilifungua. Ni mimi.